Kombe Aliowaficha Annika

Annika Niemi aliamka kabla ya kuitwa, akavaa mabuti yake ya mpira, akatoka hemani. Bibi Helmi alikuwa akigeuza chapati za maji kwenye jiko la gesi. Baba alikuwa akitafuta soksi kavu, kama ilivyo desturi yake kambini, na kama ilivyo desturi hakuipata. Mchanga ulikuwa umeingia kila mahali, hata kwenye sukari, na hakuna aliyelalamika. Ukoo wa Niemi umekuwa ukipiga kambi katika hifadhi hii ya pwani ya Oregon tangu enzi ambazo Babu Arvo alikuwa bado ana nywele.

"Kuleni upesi!" Babu alihimiza. "Maji yanakupwa, na kombe hawamngoji mvivu!"

Kombe wa huko, viumbe wa baharini wanaoliwa, wana gamba refu, jembamba, na jepesi kuvunjika. Hujizika mchangani wakaacha tundu dogo juu. Mchimbaji huchomeka sepetu upande wa baharini, akapunguza mchanga taratibu, kisha akaingiza mkono. Akifanya pupa, gamba huvunjika. Na sheria ya hifadhi haina mjadala: uliyemchimbua ni wako, awe mdogo, mkubwa au amevunjika. Anaingia mfukoni mwako na anahesabiwa katika idadi unayoruhusiwa kwa siku.

Siku hiyo kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Babu alikuwa ameahidi kwamba kesho yake angemchukua mjukuu mmoja tu hadi fungu la mchanga la mbali, kwenye kombe wanono. "Nitakwenda na mwenye mkono mtulivu," alisema. Annika alikuwa ameitamani safari hiyo tangu akiwa mdogo.

"Usijisumbue," binamu yake Siiri alimtania. "Wewe unachimba kama unazima moto!"

"Na wewe unachimba kama bibi aliyepoteza miwani!"

Wakacheka, wakatimua mbio kuelekea majini.

Haraka haraka haina baraka. Kombe wa kwanza wa Annika alivunjika. Wa pili naye akavunjika, na wa tatu vilevile. Annika akatazama huku na huku. Babu alikuwa mbali, ameinama. Basi akafukua shimo, akawatupa wote watatu, akafukia na kukanyaga juu yake. Kisha akasogea mbele, akatuliza mkono, akaanza kupata kombe wazima. Alifurahi, lakini furaha yenyewe haikumkaa vizuri.

Siiri naye akaja kuchimba pale pale alipotoka Annika. Haukupita muda, shakwe mmoja akatua karibu naye, akaanza kuparura mchanga. Wakaja wengine, wakapiga kelele na kunyang'anyana. Mmoja akaruka na kipande cha gamba mdomoni.

Mhifadhi, Bi Delgado, alikuwa akipita. Akawafukuza shakwe, akachungulia shimoni.

"Nani kawafukia hawa?"

Jamaa wote, waliokuwa wamevutwa na kelele za shakwe, wakamtazama Siiri, aliyesimama palepale na sepetu mkononi.

"Siyo mimi! Naapa siyo mimi!"

"Siiri," alisema baba yake, Reino, "wako miguuni pako. Sema kweli, mwanangu."

"Nasema kweli, baba!" Siiri akaanza kulia.

Annika alijua kwamba akinyamaza tu, safari ya kesho ni yake. Akamtazama Siiri, akaona haya mpaka masikio yakawaka.

"Ni mimi," alisema. "Niliwavunja watatu, nikawaficha. Siiri hajui lolote. Nisamehe, Siiri."

Bi Delgado akamwamuru aokote waliobaki na kuwatia mfukoni mwake. "Wote watatu wanahesabiwa, hata huyo aliyeliwa. Leo nakuonya. Siku nyingine ni faini kwa wazazi wako."

"Basi kesho nakwenda na Siiri," alisema Babu.

Machozi yalimtoka Annika.

Mchana, Bibi alipobandika sufuria ya mchuzi wa maziwa na viazi, Babu alimwaga mfuko wake mezani. Annika akatoa macho. Katikati ya kombe wazima walikuwamo wanne wenye magamba yaliyopasuka.

"Babu! Hata wewe unavunja?"

"Kila mwaka, mjukuu wangu. Mimi ni mtu, si mashine." Akamvuta karibu. "Kukosea si aibu. Kombe aliyevunjika tunampika, tunakula, tunashiba. Uliyemfukia anamnufaisha nani? Shakwe tu. Na kosa ukilificha, kuna mtu mwingine atakayelibeba. Leo karibu alibebe Siiri. Lakini umesema kweli mwenyewe, na kwa hilo ninajivunia wewe."

Siiri akalamba kijiko. "Babu, mimi sibebi mfuko kesho. Unalowesha suruali. Aje Annika abebe!"

Watu wote wakaangua kicheko. Babu akajikuna upara, akakubali.

Kesho yake, kwenye fungu la mchanga, Siiri akachomeka sepetu kwa nguvu zake zote, na gamba likavunjika.

"Nimemvunja!" alipiga kelele hadi shakwe wakaruka. "Mnasikia? Nimemvunja, na huyu ni wangu!"

Annika, huku akicheka, akaufungua mfuko kwa mikono miwili.