Mbili Zinawatosha

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Futi alifagia maranda kwenye karakana ya mama yake. Alipachikwa jina hilo akiwa na miaka mitatu, maana alizunguka na futi ya kupimia mkononi kama watoto wengine wanavyozunguka na mwanasesere. Mama yake, seremala, naye akaishia kuitwa Mama Futi na mtaa mzima, hata na wateja waliokuja kugomba kwa sababu ya kabati lililochelewa.

Asubuhi moja mama aliinama juu ya ubao, misumari miwili ikiwa mdomoni.

"Mita moja na sentimita arobaini na nne," alisema. "Nataka vipande sita vilivyo sawa."

"Kila kimoja ishirini na tatu na robo tatu," Futi alijibu bila kusimamisha ufagio.

"Si ishirini na nne?"

"Msumeno unakula milimita tatu kila unapopita, Mama. Na utapita mara tano."

Mama alicheka puani, misumari isije ikaanguka, akapiga mstari palepale alipoambiwa.

Saa mbili baadaye mtoto huyohuyo alikuwa darasani, kwenye somo la hesabu, na alikuwa hajui kitu.

Nyuma kabisa, kwenye ukuta, palikuwa na benchi refu lisilo na meza. Waliolikalia waliandikia mapajani. Lilikuwa benchi la wanafunzi dhaifu, na wenzao waliwaita Mizigo. Nani aliamua iwe hivyo? Hakuna aliyekumbuka. Mambo ya namna hiyo huamuliwa siku moja na mtu mmoja aliyechoka, kisha yakaitwa utaratibu. Futi alipelekwa huko miaka miwili kabla, alipofeli jaribio moja baada ya kuugua mwezi mzima. Kupona alipona, ila kwenye benchi hakuondolewa.

Mwalimu wa hesabu alikuwa na desturi yake. Akishaandika hesabu kumi ubaoni, aligeuka akatazama nyuma, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mizigo, mbili zinawatosha. Mkimaliza mkae kimya." Alisema hivyo kila siku ya masomo kwa miaka miwili. Nao walifanya mbili, wakakaa kimya.

Siku hiyo aliongeza jambo. Baada ya wiki tatu kungekuwa na jaribio. Atakayepata chini ya hamsini hatasajiliwa kwa mtihani wa mwisho, ili asiharibu wastani wa shule. Hakumtaja mtu. Darasa zima liligeuza shingo kutazama ukutani, walikokaa Futi, mvulana mwembamba aliyeitwa Kijiti, na wasichana wawili mapacha. Kijiti akawapungia mkono kama mgeni rasmi. Watu wakacheka.

Wiki hiyohiyo mguu wa benchi ulivunjika. Shule ikalipeleka kutengenezwa, na fundi wa karibu alikuwa Mama Futi.

Futi aliporudi nyumbani alilikuta limepinduliwa miguu juu, mama amepiga magoti kando yake, patasi imelala chini. Upande wa chini wa ubao ulijaa mikwaruzo ya misumari: nyota, mipira, nyuso zilizonuna. Kidole cha mama kilikuwa kwenye nyundo ndogo iliyochorwa pembeni.

"Hii niliichora mimi," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikaa hapa mpaka nikaacha shule." Akamgeukia Futi. "Wewe unakaa wapi darasani?"

Futi alitazama maranda sakafuni. Akasogea, akaweka mkono juu ya ubao, karibu sana na ile nyundo.

Mama hakupiga kelele. Wale wanaokumbuka mambo muda mrefu huwa hawana haja ya kelele. Alifuta meza ya kazi, akaandika hesabu tano kwenye karatasi, akampa mtoto penseli. Zilikuwa hesabu za mbao, za aina ileile aliyoijibu kila siku akifagia, ila safari hii zilikuwa zimeandikwa. Futi alifanya ya kwanza, sahihi. Akafanya ya pili, sahihi. Kisha akakunja mikono.

"Mbona umeweka penseli?"

"Sijaiweka, Mama."

"Itazame."

Penseli ilikuwa mezani, imelazwa vizuri kando ya karatasi. Futi aliitazama kama mtu anayetazama kiatu chake kwenye mguu wa mwingine. Hakukumbuka kuiweka. Mkono ulifanya kazi yake, haukumuuliza.

Hapo ndipo mama alipomwomba asimulie yanayotokea darasani, neno kwa neno. Aliposikia "mbili zinawatosha", alivuta kiti akakaa.

"Ukipiga msumari, unafikiri?" aliuliza. "Hufikiri. Mkono unajua, kwa sababu umerudia mara elfu. Ndani ya kichwa kuna akili nyingine, mwanangu, ambayo haisemi wala haibishani. Kinachorudiwa inakishika, kiwe kweli au uongo, kisha inakitekeleza. Yako imefundishwa kuishia mbili. Yangu ilifundishwa hivyohivyo, na kwa miaka ishirini na mitatu nimeamini kwamba nilizaliwa hivyo."

"Sasa itasahauje?"

"Haitasahau. Tutaipa kitu kingine cha kurudia."

Kuanzia kesho yake, kila baada ya masomo, wanne wa benchi walikutana karakanani. Sheria zilikuwa chache. Neno Mizigo halikuvuka mlango. Na kila mtu akimaliza hesabu ya pili, lazima aseme kwa sauti, "Ya tatu," kisha aandike chochote, hata kama ni upuuzi. Mama alisema kukosea atawasamehe, lakini kuweka penseli hatawasamehe, na atakayeiweka atapiga msasa mguu mmoja wa meza.

Wiki ya kwanza miguu ya meza ilipigwa msasa ikang'aa kama kioo. Kijiti alisema wakiendelea hivyo Mama Futi atafungua kiwanda. Majibu yao yalikuwa ya kuchekesha. Pacha mmoja alipata mlango wenye upana wa mita tisa, Kijiti akauliza kama ni wa tembo. Lakini waliandika. Pale walipokwama, Futi aliwapa ubao na futi waipime hesabu kwa mikono, ndipo wairudishe kwenye karatasi.

Katikati ya wiki ya pili, benchi likiwa bado karakanani na wanne hao wakikaa sakafuni palepale ukutani, mwalimu aligeuka kama kawaida yake akasema mbili zinawatosha. Futi alikuja kushtuka penseli imelala pajani. Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akasema yeye basi, haendi tena. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia hasira hiyo ni mali, asiimwage njiani; aitie kwenye penseli. Jioni ile Futi alifanya hesabu ishirini na mbili, na karatasi ikatoboka mahali pawili.

Siku ya jaribio, baada ya swali la pili, alihisi vidole vikilegea. Midomo ikatamka bila sauti: ya tatu. Vidole vikakaza. Kando yake alisikia mnong'ono wa Kijiti, "Ya tatu," na wa mapacha kwa pamoja, mpaka msimamizi akauliza ni nani anasali.

Matokeo yalisomwa siku ya nne. Kijiti hamsini na nane. Mapacha sitini na mbili, na sitini na tatu. Futi themanini na moja. Mwalimu wa hesabu aliisoma namba hiyo mara mbili, akavua miwani, akataka kujua wameibia wapi. Akamwita Futi mbele, akampa chaki. Akasema ubao wa mita tatu umekatwa vipande vinane vilivyo sawa, aoneshe urefu wa kila kipande.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alikuwa amesimama mlangoni na orodha ya usajili.

"Samahani, Mwalimu," Futi alisema. "Msumeno unakula kiasi gani?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akauliza msumeno umetoka wapi. Futi akaeleza taratibu kwamba ubao haukatwi kwa macho. Akaandika: bila msumeno, sentimita thelathini na saba na nusu. Chini yake akaandika: kwa msumeno unaokula milimita nne, ukipita mara saba, thelathini na saba nukta moja tano. Alipogeuka hakuna aliyekuwa akicheka. Mwalimu alikokotoa kwenye kiganja chake, akakokotoa tena, akaketi.

"Ni sahihi," alisema.

Mwalimu mkuu aliweka orodha juu ya meza ya mwalimu, akaandika majina manne hapohapo, darasa likitazama.

Jumatatu iliyofuata benchi lilirudi, lakini halikuwa benchi tena. Mama Futi alikuwa amelikata. Wale wanne waliingia wamebeba vichwani viti vinne, kila kimoja na kibao chake cha kuandikia, wakavipanga katika safu nne tofauti. Mwalimu mkuu akamwomba Mama Futi, aliyekuwa amewafuata nyuma, aseme neno.

"Mimi nilitoka chumba hiki nikiwa na neno moja kichwani," alisema, "na liliniongoza miaka yote nikidhani najiongoza mwenyewe. Neno linalorudiwa humwingia mtu kama rangi kwenye mbao. Huioni ikiingia, unakuja kuona imekauka. Kwa hiyo, wanangu, chunguzeni mnachoambiwa kila siku, na mnachojiambia wenyewe kimoyomoyo. Kikiwa cha uongo, kipigeni msasa. Na sisi wakubwa tuchunge vinywa vyetu."

Hakumtazama mwalimu wa hesabu. Hakuhitaji.

Somo likaanza. Mwalimu aliandika hesabu kumi, akageuka, akatazama nyuma, kinywa kikiwa kimeshafunguka. Palikuwa na ukuta mtupu. Akafunga kinywa.

"Fanyeni zote," alisema.

Futi alikuwa ameshafika ya tatu.