Kimya cha Raundi ya Tisa

Nilikuwa nageuza vitumbua, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, pale Mama alipoingia jikoni na kuzima jiko.

“Acha hivyo. Babako anakuita sebuleni.”

“Bado vinne, Mama.”

“Vitakaa. Nenda. Na ujitande vizuri.”

Jumamosi asubuhi kazi yangu huwa ni hiyo hiyo: mkono mmoja vitumbua, mkono wa pili kundi letu la besiboli. Huko Amerika ni usiku wa Ijumaa, mechi ndiyo imeshika moto; sisi huku Maskati tunakunywa chai. Wengi kwenye kundi walisoma huko wakarudi na ugonjwa wa mchezo huu, wengine kama mimi tuliambukizwa na marafiki. Mimi husoma tu. Tangu niingie sikuwahi kuandika neno.

Baba alikuwa amekaa na kanzu yake mpya ya sikukuu. Nje mvua ilikuwa inapiga madirisha.

“Ibtihal, kina Suud wanakuja leo baada ya alasiri.”

“Kuja kufanya nini, Baba?”

“Kupokea jibu la posa. Jana nilikuuliza kama umemridhia, ukainamisha kichwa, ukanyamaza. Nikawapigia nikawaambia karibuni.”

Mama alicheka mlangoni. “Mwari hajibu, bwana. Kimya chake ndiyo idhini yake. Hata mimi niliposwa nilinyamaza hivyo hivyo.”

Jana sikunyamaza kwa kuridhia. Nilinyamaza kwa sababu kila nikitaka kusema jambo zito, ulimi hunigandia na macho hunijaa machozi. Suud ni mtu mwema, sina kasoro ya kumtaja nayo. Ila si Jaifar.

“Una neno?” Baba aliuliza.

Nikatikisa kichwa. Nikarudi jikoni, nikawasha jiko tena, nikamalizia vile vinne.

Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa Jaifar wa tangu juzi, sijaujibu: “Ibtihal, nimwambie Mama aje kwenu? Nataka neno moja tu kutoka kwako.” Neno lenyewe nimeliandika na kulifuta, nimeliandika na kulifuta. Jaifar nilimjua chuoni. Yeye ndiye aliyenifundisha besiboli, kwa kijiko na ndimu, juu ya meza ya mkahawa, watu wote wakitutazama.

Kundi lilikuwa limechangamka.

“Raundi ya saba! Tunaongoza pointi mbili!” Khattab aliandika. Huyo ndiye kiongozi wetu, na ndiye mwenye kelele kuliko wote.

“Usifurahi,” Ruqaya akamjibu. Ruqaya ni binti wa mama yangu mdogo. “Mrushaji wetu mkono umelegea kama nyama ya shuwa iliyolala shimoni siku mbili.”

“Itukane timu, shuwa iache. Jana nimekula mpaka nikalala na kanzu.”

“Tumeiona picha, yakhe. Kanzu ilikuwa inaomba msamaha.”

Kisha akaingia Jaifar: “Nisomeeni matokeo jamani. Nililala Qantab kwa shangazi, sasa narudi, mvua imenikamata njiani. Wadi imeanza kushuka, lile bonde kavu limekuwa mto, maji yanapita juu ya barabara. Nimesimama.”

“Kaa hapo hapo, usijifanye shujaa,” Khattab akamwandikia.

“Nna jambo Ghubra kabla ya alasiri. Yakipungua kidogo, napita.”

Ghubra. Kwetu. Kabla ya alasiri! Nilimpigia Ruqaya palepale.

“Ruqaya, umemwambia Jaifar habari za Suud?”

“Nimemwambia.”

“Nani kakutuma?”

“Mamako alimpigia mamangu jana usiku kumwalika. Mji mzima unajua unaolewa isipokuwa wewe. Wewe ungemwambia lini Jaifar, siku ya harusi?”

“Ruqaya, yuko njiani! Anataka kuvuka wadi!”

“Hawezi kuvuka, ana akili zake.”

“Ungekuwa wewe unapokonywa mtu, ungekuwa na akili?”

Nikakata simu, nikamwandikia Jaifar: “Usivuke.” Ujumbe haukufika. Nikapiga. Hapatikani.

Hapo ndipo Khulood, mwenzetu mwingine, alipoleta video kwenye kundi. Maji ya rangi ya udongo, yanashuka kwa ghadhabu baina ya mawe, na katikati yake gari jeupe linazungushwa kama kikombe kwenye karai. Sauti ya mtu inapiga takbiri. Chini Khulood aliandika: “Barabara ya Qantab, asubuhi hii. Allah awasitiri.”

Gari la Jaifar ni jeupe.

Nilijiambia nusu ya magari ya Maskati ni meupe. Nilijiambia tena.

Kisha Khattab akaandika kwa herufi kubwa: “RAUNDI YA TISA. TUNAONGOZA KWA MOJA. KIMYA!”

Na kundi zima likazima.

Hiyo ni desturi yetu. Msimu uliopita Khattab aliandika “tumeshinda” kabla ya mpigaji wa mwisho kutolewa, na mpira uliofuata ukapaa mpaka kwa watazamaji, tukafungwa. Tangu siku ile, tukiongoza raundi ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, hakuna anayeandika hata nukta, tusije tukaitia timu kijicho. Watu wazima, wahandisi na madaktari, wanakaa wameshika simu zao kama wanaozika. Huwa nacheka peke yangu. Siku ile kimya kile kilinitisha kuliko ukelele. Wote walikuwa wametazama televisheni, na video ile imebaki pale chini, hakuna aliyeuliza ni gari la nani.

Nikapiga tena. Hapatikani.

Vidole vilikuwa na unga na mafuta, havishiki herufi. Nikaandika hivyo hivyo, kwenye kundi, mbele ya watu wote:

“Jaifar uko wapi? Nani kamsikia Jaifar? Lile gari ni lake?”

“NANI KAVUNJA KIMYA?” Khattab aliruka. “Ibtihal? Huandiki mwaka mzima, unaandika LEO?”

Kisha: “Ngoja. Gari lipi?”

Kisha: “Ya Rabbi. Nampigia.”

“Hapatikani,” Ruqaya aliandika. “Ibtihal, nisamehe.”

Mtu mmoja aliandika kwamba wapinzani wamesawazisha. Hakuna aliyemjibu.

Nilikimbilia sebuleni bila mtandio, mikono imejaa unga.

“Baba, nipeleke Qantab.”

“Na mvua hii? Kuna nini Qantab?”

“Jaifar.”

Mama alisimama. “Jaifar ndiye nani?”

Na hapo, kama kawaida yangu, sauti ikakatika. Nikamnyooshea Baba simu, video inaendelea. Aliitazama mpaka mwisho, akanitazama mimi. Uso wake ulibadilika polepole.

“Ibtihal, jana nilikuelewa vibaya?”

Nilikuwa nalia, sijibu.

“Niambie, mwanangu. Nisije nikaelewa tena peke yangu.”

Simu ikaita mkononi mwake. Nambari siijui. Baba akaipokea, akaweka sauti ya wazi.

“Ibtihal? Ibtihal, ni mimi.”

Nilikaa chini, kwenye zulia.

“Ibtihal hawezi kusema sasa,” Baba alijibu. “Mimi babake. Wewe ndiye Jaifar?”

“Assalaamu alaykum, Ami Sleiman. Ndiye mimi. Mtoto wa Bi Masouda wa Khuwair ya Kusini.”

“Waalaykum salaam. Uko wapi?”

“Nimerudi kwa shangazi Qantab. Hii ndiyo simu yake, yangu imeingia maji.”

“Na gari lile kwenye video?”

“Si langu, Ami. Mwenyewe tumemtoa kwa kamba, yuko hapa anatetemeka na blanketi. Alivuka mbele yangu. Angechelewa kidogo, ningetangulia mimi.”

Mama alishika kifua. “Alhamdulillah,” alisema, halafu akakumbuka hamjui anayemshukuria.

“Na binti yangu unampigia kwa lipi?” Baba aliuliza. Hakuwa mkali, lakini hakuwa akitania.

“Niliogopa ataiona video. Na Ami, nisiseme uongo, nilikuwa nakuja kwenu. Si kwa ugomvi. Nilitaka kulisikia jibu lake mwenyewe, basi. Akisema Suud, nitampa mkono wa heri na kurudi zangu.”

“Kina Suud nao watasema nini?” Mama alinong'ona. “Nimeshaalika watu, bwana.”

“Ngoja, mke wangu.”

Baba aliinama, akakaa nami kwenye zulia na kanzu yake mpya, simu katikati yetu.

Jaifar alikuwa hai. Hofu ile kubwa ilinitoka mwilini, na nyuma yake nikaiona nyingine imejikunyata inaningoja, ile ninayoijua tangu utotoni. Ilikuwa rahisi mno kuinamisha kichwa. Kila mtu angeelewa alivyotaka, na mimi nisingekuwa nimemkosea adabu yeyote. Niliiona alasiri ikija, kahawa ikimiminwa, watu wakisoma Fatiha juu ya kimya changu. Nikaogopa kuliko nilivyoyaogopa yale maji.

“Mimi sitamwoza mtu kwa kichwa kilichoinama,” Baba alisema. “Sema.”

“Suud simtaki, Baba.”

Sauti ilitoka nyembamba, Mama akasogea ili asikie. Nikavuta pumzi, nikarudia, safari hii mpaka Qantab ikasikia.

“Suud simtaki. Namtaka Jaifar. Na wewe Jaifar, usivuke wadi mpaka maji yakauke, halafu umlete mamako.”