Anayemeza Matone

Tone la kwanza la dawa lilipoingia jichoni, fundi cherehani alisikia mtu akimeza funda. Akageuka. Chumbani hamkuwa na mtu ila yeye, cherehani na marobota ya vitambaa, na vumbi la vitambaa hivyo ndilo lililokuwa likimwasha macho.

Muuza dawa alikuwa amemwonya. "Dada, mdomo wa chupa usiguse jicho. Usimwazime mtu. Na siku chache zikipita bila nafuu, acha, nenda hospitali."

Lakini wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Fundi aliukandamiza mdomo wa chupa kwenye kope, eti asipoteze hata tone. Wekundu ukaisha, ukarudi maradufu. Akatia tena, akaongeza, na kila tone, kule nyuma ya jicho, mtu akameza, kisha akahema.

Ikaja harufu ya nywele zilizoungua, tena ikimtoka yeye mwenyewe, hata mchana mmoja, akiwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho lake la kushoto likageuka peke yake kumtazama binti yake mdogo aliyekuwa akicheza sakafuni, akalizuia kwa kiganja, likazidi kusukuma, akaita "Mungu wangu!" na sauti isitoke.

Mganga akaitwa. Mzee yule alifukiza, akasoma, akamwinamia. "Toka!" Machozi meusi yakambubujika fundi, kisha macho yakawa meupe pe.

"Ametoka, baba?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Ametoka. Ila kirahisi mno, kama mwenye pa kwenda." Mzee aliitazama ile chupa. "Mwanangu, nani mwingine ametia dawa hii?"

"Hakuna. Ni yangu peke yangu."

Binti alikuwa amejibanza kwenye fremu ya mlango, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, mama. Macho yaliniwasha, nikatia kidogo tu." Akameza mate. "Sasa nikiyafumba, kuna mtu ananitazama kwa ndani."

Fundi alimrukia akamkumbatia. "Baba, mtoe na kwa huyu! Nakuomba, mtoe!"

Mganga alikwishaanza kufunga mkoba wake.

"Kwako ametoka na machozi," alisema polepole. "Kwa mtoto, mwanangu, hana pengine pa kwenda; hatoki ila na macho."