Kevina na Mfuko Mwekundu

Siku ya soko mjini Arua, kaskazini mwa Uganda, watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi za maabara pale kijana mmoja mgeni alipoingia kinyumenyume, akisukuma mlango kwa mgongo. Alikuwa amelikumbatia kasha la bluu kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Shati lake la kitenge lilikuwa na ndege wa manjano, na juu ya kasha kulikuwa na furushi la gazeti lililonuka samaki mkavu.

"Mzigo ya Koboko," alisema. "Dereva yule mzee iko mgonjwa. Mimi naitwa Duku. Niweke wapi?"

Kevina, fundi wa maabara, alitoka ndani akiwa amefunga vifungo vyote vya koti lake jeupe, barakoa usoni, nywele zimefichwa chini ya kofia. Tawi lao la Koboko halikuwa na mtungi wa kuchemshia taka, kwa hiyo mifuko yake myekundu ya taka ililetwa Arua ndani ya kasha hilo. Hakulitazama shati la mgeni. Alimtazama samaki.

"Hii ni nini?"

"Angara ya shangazi yangu. Zawadi napelekea watu wa kijiji cha Logiri."

"Imesafiri juu ya kasha hili?"

"Ilikuwa inashikilia kifuniko isifunguke."

Kevina alilichukua furushi kwa vidole viwili vyenye glovu, akaondoka nalo. Kupitia kioo, Duku aliona zawadi ya shangazi ikitumbukizwa pamoja na mifuko myekundu katika mtungi mkubwa wa mvuke, ule wanaouita otoklevu, na kifuniko kikikazwa.

"Dada," aliuliza kwa upole, "unapika bila chumvi?"

Watu wa kwenye ngazi waliangua kicheko. Kevina naye alicheka nyuma ya barakoa, na macho yale yaliyokuwa yakicheka peke yake ndiyo yaliyommaliza Duku.

Alipotulia, Kevina alimweleza. Ndani ya mifuko mlikuwa na visahani vilivyooteshewa vijidudu vya wagonjwa, wa vidonda, wa kuhara, wa kikohozi, ili ijulikane dawa gani inaviweza. Vikiisha kuota, huwa ni jeshi. Lazima viuliwe kwa mvuke mkali, muda wote utimie, na utepe uliobandikwa kwenye mfuko utoe michirizi myeusi, ndipo mfuko upelekwe kuchomwa. Na kasha lile lisipande gari moja na chakula, wala na abiria. Duku aliapa kwa jina la shangazi yake.

Dereva mzee hakurudi kazini, na Duku akapewa njia ile moja kwa moja. Simu zikaanza. Walizungumza Kiswahili, maana Kevina alikuwa Mlugbara wa Ayivu, na Duku alikuwa Mkuku aliyevuka mpaka kutoka Sudan Kusini akiwa mtoto.

"Mpishi wangu, umeamkaje?"

"Salama. Umenawa mikono?"

"Mara mbili. Nikutumie picha?"

"Nitumie ya kucha."

Akamtumia kweli, vidole kumi vimepangwa kwenye usukani. Jumapili walitoka kanisani wakaenda kula chapati mjini, Kevina katika gauni la maua, Duku akiwa na ndege wake wa manjano, wakibishana ni nani atakayelipa chai ili waendelee kukaa.

Lakini Duku alikuwa na mtu mmoja ambaye bila yeye hakuna ndoa. Agnes Keji, shangazi yake, ndiye aliyembeba mgongoni wakikimbia vita, akamlea kwa kuuza samaki sokoni Koboko. Alhamisi moja mama huyo alifika Arua bila taarifa, amefunga begani lawa ya zambarau, shuka la akina mama wa Sudan Kusini, ili amwone msichana kwa macho yake. Alimkuta Kevina akitoka mlango wa nyuma na glovu zake, kisahani kimepasuka sakafuni dakika hiyo hiyo. Mama Keji akanyoosha mkono.

Kevina aliruka nyuma, akaficha mikono. "Usiniguse, mama," alisema, akarudi ndani mbio.

Katika eneo lote la West Nile, mkono wa mzazi hauachwi hewani. Kevina alipomaliza kusafisha na kunawa, akatoka na mikono mitupu ili asalimu, mama alikuwa ameshapanda boda.

Jioni Duku alipiga simu. "Shangazi anasema unatuona wakimbizi wachafu."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Yeye ndiye aliyenilea, Kevina."

"Duku, wewe unajua mikono yangu inashika nini."

"Najua. Lakini ungesema neno moja tu la heshima."

"Na wewe ungesema mawili," Kevina alijibu, akakata.

Kwa majuma kadhaa kasha lililetwa, likapokewa, na hapakuwa na salamu wala neno jingine. Mwishowe Duku ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alisimama dirishani akakiri kwamba alinyamaza pale alipopaswa kumtetea. Kisha akamwambia lililombana: Jumamosi mchana Mama Keji angepanda gari la kwenda Yei, Sudan Kusini, na hangerudi hadi baada ya Krismasi. Kevina angekwenda Koboko kabla ya hapo, wapatane, mambo ya utambulisho wa ndoa yaanze. Kevina alikubali, akashonesha gauni la bluu.

Jumamosi alifika kazini alfajiri ili achemshe mifuko ya Ijumaa kwanza. Umeme ukakatika katikati. Uliporudi, saa kadhaa zilikuwa zimepita, na utepe ulikuwa na michirizi ya kijivu tu. Obitre, mwenzake wa zamu, aliinua mabega.

"Imepata joto ya kutosha. Nitampa Hasifa akachome. Wewe nenda ukaolewe."

Hasifa alikuwa mfagiaji, na ndiye aliyebeba mifuko hadi kwenye tanuri. Wakati mmoja mfuko ambao haukuiva ulimpasukia mkononi, na kwa siku nyingi aliogopa kumnyonyesha mwanawe, akisubiri majibu ya vipimo. Siku ile Kevina alimwahidi: hutapewa tena mfuko ambao sijauona mwenyewe ukiiva. Sasa alijua kwamba akipanda gari, Obitre angempa.

Akakaza kifuniko upya. Halafu akapiga simu.

"Umefika wapi, moyo wangu?" Duku aliuliza kwa furaha.

"Bado niko Arua. Umeme ulikatika, nimeanza tena."

"Kevina. Gari la Yei linapakia."

"Najua. Mpe mama simu."

Sauti nzito ikaja. "Nasikia."

"Mama, siku ile mkono wangu ulikuwa umetoka kuokota vijidudu vya mgonjwa wa kuhara. Ningekushika, ungevipeleka nyumbani. Nilikosa maneno, si heshima. Nisamehe."

"Na leo? Leo mkono iko safi?"

"Safi, mama. Lakini kuna mtu nilimwahidi."

"Mutu gani mkubwa kuliko mimi?"

"Hasifa. Anafagia hapa. Ana mtoto ananyonya."

Honi ilisikika nyuma, ndefu. "Gari yangu inaenda," alisema Mama Keji, na simu ikakatika.

Kevina alifuta machozi kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Gauni la bluu lilining'inia kwenye msumari.

Alasiri Duku alitokea mlangoni, jasho limewalowesha ndege wote wa shati lake.

"Ameondoka," alisema. "Utambulisho utangoja mpaka arudi."

"Alisema nini?"

"Alinitukana mimi. Kwamba nilijua mikono yako inashika nini, nikamwacha akuchukie bure. Halafu akasema nikuoe, lakini ole wetu tukifunga ndoa kabla hajarudi kukusalimu kwa mkono wake." Akasogea karibu. "Ni miezi mingi, Kevina. Utaningoja? Utakubali kuwa mke wangu?"

"Subiri," alisema Kevina.

Mtungi ulikuwa umetimiza muda wake na kupoa. Alifungua kifuniko, mvuke ukampanda usoni, akauinua mfuko kwenye mwanga. Michirizi ilikuwa myeusi tii. Alitoka nao hadi uani, Duku akimfuata, pale Hasifa alipokuwa amekaa kwenye benchi akinyonyesha.

"Hasifa, huu umeiva. Nimeuona mwenyewe."

Hasifa alitazama utepe, akatabasamu. Alimkabidhi Duku mtoto bila kumuuliza, akavaa glovu zake, akaupokea mfuko kwa mikono miwili na kuelekea kwenye tanuri. Kevina alivua za kwake, akanawa hadi kwenye viwiko, akajifuta, kisha akageuka.

"Sasa," alisema, "uliza tena."