Kola ya Dokka

Maziwa ya mbuzi wao Dokka yalianza kunuka siku ileile aliyorudi kutoka malishoni peke yake. Haikuwa harufu ya beberu, ambayo Gunnvor aliizoea tangu utoto. Ilikuwa ya nyama iliyosahaulika ndani ya mfuko. Na mbuzi wengine, waliomfuata Dokka kiangazi chote mlimani, sasa walijibanza ukutani mwa zizi, hawacheui.

"Mume wangu, simu inasema Dokka yuko kinamasini," alinong'ona Gunnvor.

Torleiv akacheka. "Si huyo hapo anakukodolea macho? Kola imeharibika tu. Ivue."

Kola za mbuzi wote zilikuwa za plastiki ngumu, za kuonyesha kwenye simu mbuzi alipo na kupiga mlio akikaribia mpaka uliochorwa humo. Gunnvor akaingiza vidole chini ya hiyo ya Dokka, ikabonyea. Ilikuwa na joto, tena ina vinyweleo na jasho, na ndani yake kitu kinapwitapwita, na alipoivuta ikavutika pamoja na ngozi ya shingo, ikatoa ute wa njano uliomchuruzika hadi kwenye kiwiko, naye akatapika palepale, ndani ya ndoo ya maziwa ya jibini.

Torleiv hakucheka tena. Akashika simu, akaifuata alama ya kola ya Dokka hadi kinamasini. Aliporudi alikuwa na kola ya plastiki mkononi, imeganda matope na manyoya.

"Dokka yuko kule," alisema kwa sauti ndogo. "Kavimba. Funza hadi machoni."

Gunnvor akaangua kilio. Alikuwa amemlea Dokka yeye mwenyewe kwa chupa, jikoni. "Sasa huyu tunayemkamua ni nani?"

"Majini wa chini ya kilima, mke wangu. Wametuletea wa kwao."

Akachomoa kisu. Marehemu bibi yake alikuwa akisema majini hao wanaogopa chuma, na kwa hofu hilo ndilo pekee alilolikumbuka. Akakirusha. Kisu kikapita juu ya mgongo wa yule mnyama, kikaanguka upande wa pili.

"Torleiv! Umefanya nini wewe?"

"Namfukuza!"

"Unamfukuza? Mnyama wao ukimrushia chuma juu ya mgongo, umeshamchukua! Hawamtaki tena. Ni wako mpaka ufe!"

Yule mnyama akamsogelea Gunnvor polepole, akamlamba ute mkononi kwa ulimi wa baridi. Kisha akageuka, akapanua miguu ya nyuma, kiwele kimejaa, akasubiri kukamuliwa.