Sauti Iliyopangishwa

Sauti ya mama ilipotea Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto.

Msemaji alibonyeza picha ya kikombe kwenye kishikwambi chake. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama mtu anayegonga nyumba anayojua ina watu. Mtoto huyu wa miaka saba hakuwahi kutamka neno tangu azaliwe. Jina la Msemaji alipewa na mama yake kwa utani, na majirani walilicheka mpaka siku aliposimama mlangoni akabonyeza picha, na sauti ya mama ikawasalimu: "Hamjambo?" Wakaitikia wote.

Aliyekitengeneza kishikwambi hicho kiseme ni dada yake, msichana wa darasa la saba. Alichukua programu ya bure ya kampuni moja, akapanga picha, na kila picha akaipa neno lake. Mama, akiwa tayari hawezi kuinuka kitandani, alirekodi maneno sitini na moja, akipumzika kila baada ya machache.

Mjomba wao, ambaye kazi yake ni kuandika programu, alikuwa amemwonya binti. "Rekodi kwanza kwenye simu, faili la kawaida linalofunguka popote. Halafu ndiyo uliingize humo."

"Mjomba nawe! Njia ya mkato ipo, nizunguke ya nini?"

Akarekodi moja kwa moja ndani ya programu. Mwezi uliofuata mama akafariki.

Sasa kwenye kioo palikuwa na maneno machache tu: kampuni imefunga huduma zake na inawashukuru wateja wote.

Mjomba alikuja jioni, akakaa na kishikwambi mpaka chakula kikapoa.

"Sauti zimo?" binti aliuliza.

"Zimo. Nayaona mafaili yote. Lakini yamefungwa kwa ufunguo wao, na ufunguo ulikuwa kwenye mitambo yao. Wameizima."

"Basi vunja!"

"Mpwa wangu, hili si kufuli la bandani. Nimejaribu kila ninachokijua. Nimewaandikia pia, hakuna mtu."

Binti akalia. "Nimemuua mama mara ya pili."

"Koma! Mama yako aliuawa na ugonjwa. Kosa lako ni jingine, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Akamsogezea kiti. "Neno kupanga lina sura mbili. Mtu hupanga mfumo, na mtu hupanga chumba. Wewe ulipanga mfumo mzuri, ukasahau kwamba umepanga kwa watu. Mwenye nyumba ametoweka na ufunguo, vitu vyako viko ndani. Kupanga si dhambi. Hata mimi kazini napanga, hakuna anayejijengea kila kitu. Lakini kabla hujaingiza sanduku, uliza: siku ya kuhama nitatokea wapi? Na kile usichoweza kukipata tena, usikiweke mahali ambapo ufunguo huna."

Wakaanza upya. Picha zikakaa mahali pake, sauti mahali pake, yote mafaili ya kawaida, na nakala kwenye kadi ya kumbukumbu. Programu ikawekwa juu yake tu. Kisha mjomba akamwamuru binti aifute.

"Niifute? Tumemaliza sasa hivi!"

"Futa. Weka nyingine."

Akafuta, akaweka nyingine, na kila picha ikasema vilevile.

Safari hii maneno aliyarekodi binti mwenyewe. Msemaji alipobonyeza salamu na kusikia sauti ya dada, alikigeuza kishikwambi akatazama nyuma yake. Kisha akakirudisha mezani taratibu. Tangu siku hiyo anaomba maji, anasalimu, anakataa kuoga kama zamani.

Kwenye simu ya mjomba lilipatikana neno moja ambalo mama alimtumia siku ya kujaribu sauti. Wakalirudisha mahali pake.

Mama aliacha maneno sitini na moja. Sitini hayafunguki. Lililobaki ni "Njoo." Msemaji hulibonyeza kila asubuhi, kisha hutazama mlangoni.