Bangili Iliyochongwa Meno

Grisi hainukii udi. Hata mtoto aliyekulia chini ya meza ya fundi anajua kwamba grisi hunuka chuma na mafuta, basi. Ndiyo maana Jumatano ile alasiri, Hamza alipofungua giaboksi ya kushoto ya kile kifaru cha rimoti, alinusa, akanusa tena, halafu akamwita mkewe.

"Mama Zakia, hebu njoo. Umefukiza udi humu karakanani?"

"Nifukize udi kwenye mafuta ya cherehani? Una homa?"

"Nusa basi."

Mwahija akainama. Moyo ukampiga kishindo kimoja, kama mtu aliyegonga mlango akakimbia. Ulikuwa udi kweli, na marashi ya waridi, na chini yake harufu ya joto la mgonjwa aliyelala siku nyingi. Ilikuwa harufu ya chumba cha mama yake.

"Ni hiyo grisi mpya," akasema. "Siku hizi wanatia manukato mpaka kwenye sabuni ya kuogeshea mbwa."

Hamza akacheka, akafunga skrubu zake. Mwahija akarudi jikoni, akasimama mbele ya jiko asijue alikuwa akipika nini.

Hamza alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani pale Majengo, Shinyanga mjini, mtu wa mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kifaru hakikuwa chake. Kilikuwa cha Mzee Makoye wa Mwadui, mstaafu wa jeshi, aliyeletewa na bintiye kutoka ng'ambo kwa kuwa mzee ujanani aliendesha kifaru cha kweli cha vita. Hiki kilikuwa kirefu kama mkono wa mtu mzima, kina mzinga unaogeuka na minyororo miwili, na kila mnyororo una giaboksi yake. Mzee alikuwa akikiendesha uani kila jioni akipiga kelele za amri mpaka kuku wakalala nje. Mchanga wa huku ukala gia zake za plastiki zikabaki laini kama ufizi wa kikongwe. Hamza akaagiza gia za chuma Dar es Salaam. Basi likaja, jingine likaja, gia hazikuja, na Mzee alikuwa na wageni Jumamosi, askari wenzake wachache waliobaki hai.

"Ningekuwa na shaba nzito," Hamza alilalamika Jumapili iliyotangulia, "ningezichonga mwenyewe."

Aliyeitoa hiyo shaba ni Mwahija. Kwa mkono wake. Alikwenda jikoni, akazamisha vidole kwenye kopo la choroko, akatoka na bangili pana, nyeusi kwa ukale.

"Kata hii. Shaba ya zamani tu, haina kazi."

Hakusema ilikuwa ya nani, na hapo ndipo kosa lilipolala.

Mama yake, Bi Kidawa, alikuwa kiti. Yaani alikuwa na jini aliyemkalia kichwani miaka arobaini, kwa adabu na mapatano, na yeye alimwita Mgeni tu. Bangili ndiyo iliyokuwa ahadi yao. Alivishwa siku aliyokubali kukaliwa. Na watu wa mambo hayo wana desturi yao: kiti akifa, bangili hairithiwi kimyakimya. Mganga huitwa, Mgeni huagwa kwa ubani na maneno mazuri, na bangili huzikwa nzima. Bi Kidawa katika kukata roho alimshika bintiye mkono kwa nguvu ambazo maiti mtarajiwa hazipati popote. "Mwite mganga Nuruddin. Usione haya, mwanangu. Mgeni asiyeagwa hugeuka mwenye nyumba."

Mwahija akaona haya. Alikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, na mumewe alikuwa akisikia habari za majini anacheka mpaka anajifuta machozi. Akaificha bangili kwenye choroko miaka minane. Na alipompa Hamza aliwaza: iyeyuke, yaishe.

Hamza akaiyeyusha kwa moto wa kupuliza, akaimimina kwenye mchanga, akakaa siku mbili na tupa akichonga meno moja moja. Zikatoka gia nne nzuri ajabu, lakini zilitosha giaboksi ya kushoto tu. Ya kulia akaiachia plastiki zake, akisubiri mzigo wa Dar. Alhamisi alipokijaribu, kifaru kikawa kinakwenda kwa kupinda tu, kikizunguka kulia, kulia, kulia.

"Upande mmoja una nguvu, mwenzake mlegevu," akamwambia mkewe. "Kama ndoa yetu."

Mwahija akageuka kukitazama kifaru kikizunguka.

Ijumaa, jua likiwa utosini, Hamza alivaa kanzu aende msikitini. Akapita karakana kuchukua kofia. Kifaru hakikuwepo mezani. Rimoti ilikuwepo, na betri zake nne zilikuwa kando yake, zimepangwa kama alivyozipanga mwenyewe.

"Zakia! Nani kakuruhusu kuchezea kazi ya watu?"

"Mimi niko hapa, baba," sauti ya binti yake wa miaka saba ikajibu kutoka sebuleni. "Kiko nje. Kinaizunguka nyumba."

Wakasikia wote. Kri-kri-kri-kri. Kilipita chini ya dirisha la sebule, kikapita nyuma ya choo, kikapita jikoni, kikarudi, bila haraka, na nyuma yake kilikuwa kimeacha mistari miwili mchangani iliyoizunguka nyumba nzima ikakutana. Harufu ya udi ikaingia kila mlango.

"Kimekwama waya," Hamza alisema kwa sauti ndogo. "Nikitoka swala nitakifungua."

Akatoka mlango wa mbele. Mwahija akamwona akiruka ile mistari, kanzu ikipepea. Na kabla kanzu haijatulia, mlango wa jikoni nyuma ya Mwahija ukafunguka, akaingia Hamza.

Wakatazamana.

"Umerudi?" Mwahija akanong'ona.

"Sijageuka, mama Zakia. Wallahi sijageuka."

Akajaribu dirishani, akaangukia chumbani. Wakashikana mikono wote watatu, wakatoka pamoja wakisoma Ayatul Kursiyu, jua likiwachoma usoni, wakaliona geti, wakaliona duka la jirani na bajaji imesimama pale, wakamwona hata paka wa watu akijilamba juu ya ukuta, na hatua iliyofuata ilikanyaga sakafu ya sebule yao wenyewe, baridi, na mlango ukiwa nyuma yao. Mwahija akapiga simu kwa kaka yake. Ikaita, ikapokelewa, na ndani yake hakukuwa na mtu, ilikuwa kri-kri-kri tu.

Hapo ndipo alipogundua kwamba sauti ile inatoka mahali pawili. Dirishani, na pale chini kwenye mkeka. Zakia alikuwa amekaa, macho wazi, akisaga meno, na kila kifaru kilipotia kasi naye alitia kasi.

"Zakia. Mwanangu. Acha."

Hakuacha. Hamza akapandwa na wazimu wa baba. Akachukua nondo, akasimama dirishani akakingoja, kilipopita akaichomeka kati ya mnyororo na gurudumu. Kifaru kikakwama. Gia zikalia ndani, krrrk, na Zakia akapiga ukelele mmoja mkali, jino la juu ambalo hata kulegea halijaanza likamtoka na damu, likaanguka mkekani.

"Toa! Toa hiyo nondo, unamvunja!"

Akaitoa. Kri-kri-kri, safari ikaendelea. Ndipo walipojua kwamba hawakufungiwa na kifaru tu. Hata kukivunja hawakuweza, maana kilichokiumiza kilimuumiza mtoto.

Getini kukasikika kikohozi.

"Mwadila, nyumba hii! Kumbe kinatembea! Nyanda, kijana wangu, umefanya kazi!" Mzee Makoye, akisalimu kwa Kisukuma chake, alikuwa amefuata mali yake. "Mbona kinageuka kulia tu? Dereva wa namna hii sisi tulimpeleka jikoni akamenye viazi."

"Mzee, usivuke mistari!" Mwahija alipiga kelele dirishani. "Shikamoo, lakini usivuke, nakuomba!"

"Marahaba, mayu, mama yangu. Kuna nini?"

"Ukiingia hutoki. Nenda Ngokolo, ulizia Mzee Nuruddin wa Ujiji. Mwambie ni Mgeni wa Kidawa. Mwambie hajaagwa."

Mzee Makoye alikitazama kifaru chake, akaitazama rimoti ambayo Hamza aliiinua dirishani pamoja na betri zake mkono wa pili. Mtu aliyepita vitani anajua wakati wa kuuliza na wakati wa kukimbia. Akapanda ile bajaji ya dukani, ikaondoka na vumbi.

Muda waliosubiri haukuwa mrefu kwa saa, lakini adhana ilisomwa ikaisha, na jua halikusogea, na kivuli cha mlango kikabaki palepale kama kilichopigiliwa misumari, na Hamza akiwa amempakata mtoto aligeuka polepole akamtazama mkewe, kwa sababu jina lile alikuwa amelisikia.

"Mgeni wa Kidawa ni nani?"

Mwahija akafungua mdomo. Aliyejibu ni Zakia, kwa sauti ya mwanamume mtulivu, mwenye adabu, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Ni mimi. Nimewekwa kwenye choroko miaka minane. Kisha nikatiwa motoni. Kisha nikachongwa meno. Nimezunguka sana, na sina pa kukaa. Huyu mdogo ni mwepesi. Nitamzoea."

Hamza hakumwachia mtoto. Akafumba macho tu, akalia bila sauti.

Mzee Nuruddin alishushwa getini na chetezo chake, mdogo wa umbo, mguu mmoja una kiatu na mwingine ndala. Akachuchumaa nje ya mistari, akafukiza.

"Assalaam alaykum, Mgeni. Wewe na mimi tulikula halua sahani moja. Umekuwaje?"

"Waulize walioniunguza," sauti ikajibu kutoka mapajani mwa Hamza.

"Mwahija! Bangili iko wapi?"

Akasema yote. Alisimama dirishani akasema mbele ya mganga, mbele ya Mzee Makoye, mbele ya mumewe: kwamba aliambiwa akaona haya, kwamba aliificha, kwamba aliitoa yeye ili iyeyushwe. Mzee Nuruddin akatikisa kichwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ingekuwa nzima ningemuaga leo akaenda kwao. Sasa ahadi imeyeyushwa, sina cha kumrudishia. Kumtoa siwezi. Naweza kumhamisha tu, na haendi ila kwa anayemkubali kwa mdomo wake."

"Nichukue mimi!" Hamza akafoka. "Mimi ndiye niliyekata!"

"Wewe si damu ya Kidawa, mwanangu. Nyamaza."

Kri-kri-kri. Jino la pili la Zakia likaanza kucheza.

Mwahija akapiga magoti, akamchukua binti yake, akamfuta damu kwa ncha ya kanga. Alimkumbuka mama yake akila sahani mbili, akicheka peke yake chumbani, akilala na mlango wazi ili mtu asiyeonekana apite. Utoto wake wote aliapa: mimi, kamwe.

"Karibu, Mgeni," akasema. "Kaa kwangu."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu. Mwachie mwanangu."

Kifaru kikasimama. Kivuli cha mlango kikaruka ghafla hadi mahali pa alasiri. Zakia akaziba mdomo kwa kiganja, akalia kilio cha mtoto, kilio kizuri cha mtoto aliyeumia jino, na Hamza akamkimbiza nje, akavuka mistari, akafika getini, akaendelea mpaka barabarani, na barabara ikawa barabara.

Mwahija alibaki sebuleni ameketi wima. Alimtazama Mzee Nuruddin akiingia, akamwambia kwa tabasamu ambalo mzee alilifahamu miaka mingi: "Umezeeka, rafiki yangu."

Gia za chuma zilifika Jumatatu. Hamza akazifunga pande zote mbili, na kifaru kikanyooka kama mshale, ingawa Mzee Makoye alikichukua kwa kukifunga ndani ya gunia. Zile nne za shaba mganga alizitunga kwenye uzi mweusi, na Mwahija huzivaa mkononi, hazivui hata akioga. Ni mke mwema bado. Hupika, hufua, humsuka Zakia nywele, na Zakia ana meno mapya.

Hamza hacheki tena habari za majini. Na kila anaporudi kazini hufika mlangoni pa chumba chao, chumba alichokijenga kwa mikono yake, akavua viatu, akabisha hodi. Halafu husimama hapo, ameshika kofia, akisubiri kusikia ni sauti ipi itakayomwambia karibu.